Lipu ya Dod Riach

Kijijini kwetu Auchenbrae, kuanzia kanisani hadi darajani, nyumba nyingi za zamani zilivaa koti moja la kijivu, na aliyezivisha alikuwa mtu mmoja. Dod Riach, fundi mwashi, alirusha lipu ya saruji kwa kijiko cha chuma kama mtu anayewatupia kuku nafaka: kiwiko kinakunjuka, kokoto zinaruka, zinatua ukutani na kukaa pale pale. Hakupima wala hakurudia. Alipostaafu mwaka 1988 alikuwa amefunika nyumba arobaini na mbili, na kwa maneno yake mwenyewe hakuna hata moja iliyobanduka. Maneno hayo aliyasema baa, dukani na mlangoni mwa kanisa, hadi marehemu mkewe Ina akawa anatoka chumbani kila alisikiapo neno arobaini.

Alikuwa na sababu ya kujivuna, na tuliokua naye tuliijua. Baba yake, mzee Wull, alikuwa fundi wa udongo. Sehemu hii ya chini ya bonde la mto Spey haina mawe mazuri ya kuchonga. Ina udongo mwekundu, na ina mawe ya mviringo yanayosukumwa na mto. Wazee waliukanyaga udongo huo kwa miguu pamoja na mabua, wakaupanga na yale mawe katikati ya mbao mbili, wakangoja ukauke, wakapandisha safu nyingine. Mwisho walipaka chokaa. Nyumba za namna hiyo zimekaa miaka mia mbili mvua ikizipiga ubavuni, lakini Dod alipokuwa mtoto udongo ulikuwa umeshakuwa kichekesho. Alikwenda shule na wekundu kwenye kucha, wenzake wakamwita Dod Matope. Jina lilimganda hadi siku aliyokwenda vitani.

Jeshi lilimfundisha saruji. Aliporudi alimwambia baba yake kwamba udongo hataugusa tena, na kwamba nyumba yao wenyewe, pale ukingoni mwa kijiji, ingefaa ivalishwe lipu ya kisasa ifanane na nyumba za watu.

"Nyumba hii inataka kupumua," mzee Wull alisema.

"Nyumba haina pua, baba."

Mzee aliwasha kiko chake. Alikuwa mtu wa kusema jambo mara moja.

Mwaka 1958 mdogo wake Dod, Sandy, alimwoa Robina Grigor, ambaye kila mtu alimwita Beenie, wakaishi na mzee pale pale. Zawadi ya harusi kutoka kwa Dod ilikuwa lipu, pande zote nne, bure. Alifanya kazi wiki mbili. Siku ya kwanza mzee Wull alisimama getini na kiko chake, akatazama kijiko kinavyokwenda, kisha akaingia ndani na hakutoka tena mpaka kazi ilipokwisha. Dod aliamini ni wivu. Aliamini hivyo kwa miaka thelathini na sita.

Nyumba yenyewe ni ndogo. Ina chumba cha huku na chumba cha kule, na katikati kijichumba ambacho mbwa hawezi kugeukia. Kuta ni nene kiasi kwamba paka hulala dirishani kwa kujinyoosha. Madirisha yote yanatazama kusini. Kaskazini, unakotoka upepo wa baharini, hakuna hata tundu. Mlango ni mfupi, na kila mgeni huinama apende asipende. Paa lilikuwa la nyasi zamani, sasa ni vigae vya mawe. Dohani kubwa iko kwenye ukuta wa magharibi, na kitanda cha Sandy na Beenie kilikuwa kimejengewa kwenye ukuta huo huo, kama kabati lenye milango.

Kila Jumapili baada ya ibada Dod alikula hapo. Alikula hapo Sandy akiwa mzima, akala hapo Sandy akiwa anakohoa, na Sandy alipofariki mwaka 1982, baada ya kukohoa miaka kumi na miwili, aliendelea kuja kama kawaida. Mkewe mwenyewe alipofariki, Jumapili ndiyo ikawa siku pekee aliyoketi mezani na mtu. Beenie aliweka supu ya kondoo na shayiri, skonzi, na masimango.

"Inama, shemeji. Kichwa hicho hakina akili ya kupoteza."

"Mlango wenu ndio haukukua."

"Umekua vya kutosha kuingiza tumbo lako."

Basi siku moja ya Aprili mwaka 1994 Dod aliinama, akaingia, akakuta supu haijapashwa moto. Beenie alikuwa amekaa na barua mkononi. Bwana Pirie wa halmashauri alikuwa amekuja Alhamisi. Ukuta wa magharibi ulikuwa umetoka tumbo, unyevu umepanda hadi kifuani, na nyumba haikufaa tena kukaliwa. Beenie alipewa hadi tarehe thelathini na moja Agosti. Kama ukuta ungekuwa haujawa salama na mkavu, angehamishiwa mjini Elgin.

"Ghorofa ya pili," alisema. "Nitakuwa natazamana na njiwa uso kwa uso."

"Ukuta hauna kitu. Ni rangi tu imechoka."

"Pirie alichomeka kijidude chake cha kupimia unyevu, kikalia kama kitoto kichanga."

"Vidude vya halmashauri vinalia hata ukivichomeka kwenye biskuti."

Beenie hakucheka. Alikuwa na miaka sitini na minane, alikuwa ameingia nyumba ile bibi harusi, akamuuguza ndani yake mkwe na kisha mume, na hakuwa na mahali pengine duniani alipopajua gizani. Dod aliona mkono wake ukiikunja ile barua na kuikunjua, akajua kwamba safari hii mzaha hautamsaidia mtu.

Chama cha watu wanaotunza nyumba za kale kilimtuma fundi. Alikuwa mwanamke wa visiwa vya Orkney, Morven Tulloch, miaka thelathini na kitu, mwenye gari dogo lililojaa ndoo za chokaa na mikono iliyopasuka kama ya mvuvi. Hakuingia ndani kwanza. Alizunguka nyumba akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, huku Dod na Beenie wakimfuata na vikombe vyao vya chai.

"Sikieni," alisema, akagonga tena. "Lipu imeachana na ukuta. Maji yanaingia kwenye nyufa hizi, na hayapati pa kutokea. Udongo ukilowa hivi haubebi kitu. Hii saruji ni koti la mpira juu ya mtu anayetoka jasho."

"Saruji haipitishi maji," Dod alisema.

"Ndiyo shida yenyewe, mzee. Haipitishi kwenda, wala haipitishi kurudi. Nani aliipiga?"

Dod alifungua kinywa. Kabla hakijatoka kitu Beenie alisema, bila kupepesa jicho, "Watu wa Aberdeen. Walipita na lori miaka hiyo, Sandy akawapa kazi."

"Hawakujua wanachokifanya."

"Pengine hawakujua," Beenie alisema.

Dod alimeza chai ikiwa bado ya moto, ikamuunguza ulimi. Morven alipokwenda garini kuchukua ngazi, Dod alimgeukia shemeji yake.

"Kwa nini umemdanganya?"

"Ulitaka nikutaje?"

"Lipu yangu haina kosa."

"Basi mbona ulinyamaza?"

Dod alimkabidhi kikombe chake. Alirudi kwake amenuna na kwa siku tatu aliwaambia watu dukani kwamba visichana vya chuo vinakuja kufundisha bata kuogelea. Wengine walimwitikia. Wenye nyumba zenye lipu yake walimwitikia zaidi, maana nao hawakutaka kusikia.

Siku ya nne Beenie alipanda basi kwenda kuangalia ghorofa ya Elgin. Dod alingoja basi lipotee, akachukua nyundo na tindo, akaenda. Alijiambia anakwenda kuthibitisha. Alichagua mahali pa chini, upande wa magharibi, akapiga mara mbili. Alitarajia kupiga asubuhi nzima. Pigo la tatu, kipande kikubwa kama sinia kilianguka kizima, kikalala miguuni pake, na upande wake wa ndani ulikuwa umelowa.

Harufu ilimjia kwanza. Ilikuwa ya pishi lililofungwa. Kisha alinyoosha mkono auguse udongo wa babu zake, udongo ambao utotoni alikuwa akiugonga kwa kifundo na kusikia maumivu kwa ugumu wake. Mkono uliingia. Uliingia hadi kwenye kifundo cha mkono, mahali saa inapokaa, na ndani kulikuwa baridi na laini kama uji uliolala. Alipoutoa, kucha zote zilikuwa nyekundu.

Alipindua ndoo iliyokuwa karibu akaikalia. Alikuwa na miaka sabini na mmoja na hakukumbuka kuwahi kuona aibu ya namna ile, hata shuleni. Lakini aibu haikuwa mbaya kuliko kitu kilichoifuata. Kwa upande wa pili wa ukuta, usawa wa lile tundu, ndipo kilipokuwa kichwa cha kitanda cha Sandy. Dod alikumbuka kikohozi kile, na jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akimwambia ndugu yake apunguze sigara. Sandy hakuvuta sigara ila sikukuu. Akakaa pale mpaka basi liliporudi.

Beenie alitazama tundu, akatazama mikono ya Dod.

"Nimebandua kidogo, niangalie," alisema Dod.

"Umeona nini?"

"Ukuta."

"Haya." Alivua kofia yake ya safari. "Ghorofa ina kila kitu. Bafu, jiko la umeme, kipasha joto. Nilikaa dakika kumi, nikakosa pa kuyaweka macho."

Jumapili iliyofuata Morven alikuja na habari mbaya. Ukuta ungeweza kupona, alisema, kama saruji ingebanduliwa na sehemu zilizooza zikajazwa upya kwa udongo na mawe, hatua kwa hatua. Chokaa aliijua. Ile kazi ya udongo hakuijua, wala hakumpata anayeijua. Fundi wa mwisho aliyetajiwa alikuwa amefariki miaka miwili nyuma.

"Nikibandua bila mtu wa kujaza, ukuta unakaa chini na dohani juu yake," alisema. "Sitaki kukudanganya, mama. Ningekuwa wewe, ningeanza kufunga vyombo."

Beenie alikata skonzi katikati, kisha akakata nusu katikati, kisha robo. Hakumtazama mtu yeyote. Dod alijua ni yeye asiyetazamwa.

"Mimi naijua," alisema.

"Unajua nini, mzee?"

"Udongo. Baba yangu alikuwa fundi wake. Niliukanyaga miaka mitano, nikajenga naye mabanda na kuta za watu."

Morven aliweka kikombe chini. "Nimeuliza kijiji kizima. Hakuna aliyekutaja."

"Niliwafanya wasahau," Dod alisema. "Ilinichukua muda kidogo."

Walianza Mei. Kazi ya udongo haina siri kubwa, ina uchovu. Udongo unaletwa kutoka ukingo wa mto, unamwagiwa maji, unalazwa. Kesho yake unakanyagwa na mabua yaliyokatwa urefu wa kiganja, mpaka ukichota bonge na kulidondosha lisipasuke wala lisisambae. Dod alivua viatu, akakunja suruali, akaingia. Mguu wa kwanza ulikuwa na baridi hata akatukana. Mguu wa pili ulikumbuka. Morven aliingia naye, na Beenie alitoa kiti nje akawa anawahesabia mizunguko kama mwalimu wa gwaride.

Watu walipita makusudi. Wattie Innes, jirani mwenye mbwa watatu, alisimama getini.

"Dod Matope! Umerudi nyumbani?"

"Nimerudi. Na wewe njoo kesho na nyundo, tuangalie ukuta wako wa nyuma."

"Wangu mzima."

"Wa Beenie pia ulikuwa mzima mpaka nilipougusa."

Wattie aliondoka, lakini jioni alionekana akigonga nyumba yake kwa kifundo cha kidole.

Wiki ya pili ya Juni nusura yote yaharibike, na kosa lilikuwa la Dod. Morven alikuwa amesema wabandue kuanzia juu. Dod alitaka kuanza chini kwenye uozo, kwa sababu uozo ulimnyima usingizi, na fundi wa miaka zaidi ya arobaini hapendi kuelekezwa. Morven alipokwenda mjini kuleta chokaa, alibandua lipu ya chini, upana wa hatua tatu, peke yake. Hakufikiri kwamba ganda lake la saruji, lililouozesha ukuta, ndilo sasa lililokuwa limeushikilia. Alisikia mlio kama wa mtu anayejikuna. Ufa ulipanda kutoka miguuni pake hadi kwenye dohani, mpana wa kidole, na ukuta ukashuka inchi nzima.

Ndani, Beenie alikuwa anakanda unga. Masizi ya miaka yote yalimwagika kutoka kwenye dohani. Alitoka mlangoni mweupe mikononi na mweusi usoni.

"Dod Riach! Unataka kunihamisha au kunizika? Chagua moja, nijue nivae nini!"

Dod alikuwa ameegemeza mgongo ukutani kana kwamba angeweza kuushikilia. "Toka mbali, Beenie. Mwite Wattie. Mwambie alete magogo yale ya uzio."

Wattie hakutaniana siku hiyo. Alileta magogo sita na trekta, wakaegemeza ukuta kwa matano, wakakaza kwa kabari. Ilikuwa jioni Morven aliporudi. Alizunguka, akatazama ufa, akamtazama Dod aliyekuwa ametapakaa vumbi.

"Kuanzia juu," alisema.

"Kuanzia juu," Dod alikubali.

Baada ya hapo alifuata. Walibandua kutoka juu kushuka, hatua moja moja, wakaacha upepo wa kiangazi uingie kwenye udongo uliokuwa haujauona upepo tangu harusi. Ukuta ulibadilika rangi kwa siku, kutoka rangi ya ini hadi rangi ya tofali. Chini, walichimbua uozo yadi moja, wakajaza udongo mpya na mawe kati ya mbao, wakaruka yadi mbili, wakajaza nyingine, wasiuache ukuta bila mguu. Julai ilinyesha siku tisa mfululizo na wote watatu hawakuzungumza vizuri. Dod alifunika ukuta kwa maturubai na kuamka alfajiri kuyaangalia. Hakukosa siku hata moja ya kazi, Jumapili ndiyo pekee aliyopumzika. Jumapili alikula kama kawaida, akasema ya ukuta na ya hewa, akarudi kwake. Neno alilopaswa kumwambia Beenie alikwenda nalo na kurudi nalo.

Katikati ya Agosti ukuta ulikuwa tayari kwa koti jipya, la chokaa, mchanga na kokoto za mto. Morven alianza kurusha, kokoto zikatawanyika. Dod alimtazama kwa muda, kisha akaomba kijiko. Kiwiko kilikunjuka. Chokaa ikaruka, ikatua, ikakaa. Alirusha kipande cha upana wa mlango kabla ya kugundua kwamba mwenzake amesimama.

"Mkono huo naujua," Morven alisema taratibu. "Nimeuona kwenye nyumba zote za barabara hii. Kila lipu inalalia kushoto kidogo."

Dod alichota tena. "Nina bega bovu. La vitani."

"Kwa hiyo watu wa Aberdeen..."

"Hawakupita hapa. Wangepita ningewafukuza, ilikuwa himaya yangu." Alirusha. "Nyumba arobaini na mbili, binti. Hii ilikuwa ya saba."

Morven hakusema pole wala hakumlaumu. Alimwomba amfundishe kiwiko.

Tarehe thelathini Agosti Bwana Pirie alikuja na kijidude chake. Alikichomeka mahali kumi na nne akiandika kila mara. Beenie alisimama mlangoni amevaa koti la kanisani, mkoba mkononi, kama mtu anayengoja basi au hukumu. Mahali pa kumi na nne, kwenye kichwa cha kitanda, Pirie alikaa sana. Alitikisa kijidude. Akachomeka tena.

"Kimeharibika?" Beenie aliuliza.

"Hapana, mama. Kimenyamaza tu." Alifunga daftari. "Nitaandika barua ya kuifuta ile ya kwanza."

Beenie alimshukuru, akaingia ndani, akavua koti, akalitundika. Kisha alikaa kitandani akalia kwa sauti, dakika mbili au tatu, na Dod na Morven wakabaki nje wakiosha ndoo ambazo zilikuwa safi.

Jumapili iliyofuata walikuwa wawili tu mezani. Supu ilikuwa ya moto. Dod alichovya kijiko mara tatu bila kukipeleka mdomoni.

"Kula."

"Beenie, nina neno."

"Nimeliona tangu Aprili. Linakuchosha kulibeba."

"Ukuta huu niliuharibu mimi." Alisema akiitazama supu. "Baba alinikataza, nikamdhihaki. Na Sandy alilala miaka yote pale, kichwa chake kwenye maji yangu. Kile kikohozi. Nilimwambia ni sigara. Nisamehe. Ningemwomba yeye, lakini nimechelewa."

Beenie aliinuka akatia kuni motoni, akaketi tena.

"Sandy alijua," alisema.

Dod aliinua uso.

"Mwaka wa sabini, kifua kilipomwanza. Alitoboa kishimo nyuma ya mto wa kulalia kwa kisu cha mezani, akaingiza kidole, akanionyesha. Kisha akaziba kwa gazeti na gundi. Nilimwambia, kamwite ndugu yako abandue. Akasema, 'Dod akijua, hatakula tena hapa.' Nikamwambia utakufa, wewe mjinga. Akasema labda, labda siyo, lakini Jumapili nataka ndugu yangu mezani."

"Alisema hivyo?"

"Alisema. Akaniapisha. Na alipokufa nikakosa siku ya kukuambia, kila Jumapili ulikuja ukiwa na njaa."

Dod alitaka kusema kwamba ndugu yake alikosea. Alitaka kusema kwamba angekuja tu, angekuja siku hiyo hiyo na nyundo, na Sandy angekuwa hai, mzee mwenye kelele. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini alijifikiria alivyokuwa mwaka wa sabini, na miaka arobaini na saba yake na kijiko chake na kifua chake mbele, akaona kwamba Sandy alimjua vizuri kuliko alivyojijua mwenyewe.

"Nisingekuja," alisema.

"Tulijua," alisema Beenie, akamsogezea mkate.